Habari za Mji wa Masasi na Kanisa Lake la Kwanza, pamoja na Newala

Mwaka 2026 watimiza miaka 150 tangu watu wa kwanza wa Kanisa letu walipotua mizigo yao chini ya majabali ya Masasi, na miaka 100 tangu nchi hii ilipopewa askofu wake mwenyewe. Katika sikukuu ya namna hii ni desturi kuhesabu majina ya maaskofu na majengo waliyoyaacha. Ni desturi njema, wala siipingi. Lakini liko jambo moja ambalo halionekani katika hesabu hiyo, nalo huonekana tu mtu akizisoma habari za mji na habari za kanisa pamoja. Nalo ni hili: Kanisa la Masasi lilianza kuwa mji wa wageni, mji ule ukavunjwa, na kwa kuvunjwa kwake Kanisa likapata kuingia katika miji ya wenyeji. Kwa hiyo habari za Masasi haziwezi kutengwa na habari za Newala, wala za Newala na za Masasi.

I. NCHI ILIVYOKUWA

Mtu atokaye Lindi kwenda bara hufuata bonde la mto Lukuledi, na baada ya siku kadha wa kadha za miguu huona mbele yake majabali makubwa yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare: Mtandi, Mkomaindo, Mkwera na mengineyo. Hapo ndipo Masasi. Akigeukia mashariki na kusini, huona nchi ya juu ya Wamakonde imeinuka kama ukuta mrefu. Ukingoni mwa nchi hiyo ndipo ilipo Newala, na mtu asimamaye hapo hulitazama chini bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji.

Nchi hiyo ya juu ina udongo mwema na hewa safi, lakini mito haina. Vizazi vyote vya zamani wanawake walishuka magenge kuteka maji bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mtu aweza kuuliza, Kwa nini watu walichagua kukaa mbali na maji? Jawabu ni hofu. Vichaka vya juu vilikuwa vinene, na njia zake nyembamba, na adui hakuweza kupita upesi. Maana chini katika mabonde zilipita njia za misafara itokayo Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi, yenye pembe na watumwa. Na kutoka upande wa magharibi walishuka Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, wakipiga miji na kuchukua watu na vyakula. Hivyo Wamakonde walilipa usalama kwa taabu ya maji.

Na Wamakua, na Wayao, na Wamwera, na Wamatambwe, nao pia walikuwa wakihama-hama katika nchi hii, kila jamaa ikitafuta mahali pa kupumzika. Tangu zamani nchi yetu imekuwa nchi ya mpakani, nchi ya watu waliokimbia kitu. Tukilikumbuka hilo tutaelewa vema habari za kanisa.

II. WALIOTOKA UNGUJA

Mwaka 1857 Dk. David Livingstone alisema na wanafunzi wa Cambridge huko Uingereza, akawaita waje Afrika ya Kati. Kwa wito huo ikaanza Misioni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika nchi ya Shire mwaka 1861, akafa mwaka uliofuata. Askofu Tozer aliyemfuata aliihamisha misioni mpaka Unguja mwaka 1864. Huko misioni ikapokea watoto na watu wazima walionyang'anywa majahazi ya watumwa baharini, ikawalea na kuwafundisha Kiungani na Mbweni.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale Mkunazini. Mwaka 1874 Edward Steere, mwanachuoni mkubwa wa Kiswahili, akawa askofu. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, kutazama njia. Tena mwaka 1876 Sultani akakataza kwa amri misafara ya watumwa ya nchi kavu. Basi Askofu Steere akaona wakati umefika wa kuwarudisha baadhi ya watu wa Mbweni katika nchi za bara walikotoka.

Mwezi wa Oktoba 1876 akasafiri na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokuwa watumwa na sasa ni huru. Wakashuka Lindi, wakaanza kupanda kwenda bara. Pamoja naye alikuwapo kijana William Percival Johnson, aliyekuja kujulikana miaka mingi baadaye katika Ziwa Nyasa.

Hapa nawaomba walimu wenzangu msipite upesi mnapowafundisha watoto. Watu wale walikuwa wamepita njia za nchi ile mara moja kabla ya hapo, wakienda pwani, wamefungwa. Sasa walikuwa wakirudi bara kwa miguu yao wenyewe. Wengi wao walichukuliwa wakiwa wadogo. Hawakujua kama baba au mama yu hai, wala kama mji wao ungali upo. Shauri la Askofu lilikuwa kwenda mbele zaidi, katika nchi ya Wayao. Lakini walipofika Masasi, wakaona udongo mwema, na maji karibu na majabali, na nchi iliyofanana na ile waliyoikumbuka, walimwomba wakae pale pale. Askofu akakubali.

Basi mahali pa mji huu hapakuchaguliwa na askofu katika chumba chake Unguja. Palichaguliwa njiani na watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa wameulizwa wataka kukaa wapi. Katika yote yanayosemwa juu ya mwanzo wa Masasi, mimi nalihesabu hili kuwa la kwanza.

III. MJI CHINI YA MAJABALI

Askofu alirudi Unguja, akamwacha Johnson na watu wale. Mwaka 1877 akaja Padre Chauncy Maples, akawa mkubwa wa misioni. Miti ikakatwa, mashamba yakalimwa, nyumba zikajengwa kwa miti na udongo na kuezekwa kwa majani, na sala zikasaliwa kila siku asubuhi na jioni. Baadhi ya watu walikuwa Wayao, wengine watu wa Nyasa, wengine wa makabila mengine. Lugha ya nyumbani haikuwa moja, lakini wote walikuwa wamejifunza Kiswahili Unguja. Hivyo Kiswahili kikawa lugha ya sala na ya shule tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu mwalimu wa Masasi aliweza baadaye kupelekwa kwa Wamakonde au kwa Wamwera, akaeleweka. Hata hivyo Padre Maples hakuzidharau lugha za wenyeji: alikusanya maneno ya Kimakua, yakapigwa chapa mwaka 1879, na ya Kiyao pia, mwaka 1888.

Lakini mji huu ulikuwa na shida ndani yake. Watu wake walikuwa huru, lakini walikuwa wageni. Hawakuwa na jumbe wao wenyewe, wala wajomba wa kuwaamulia mambo ya ndoa na urithi, wala makaburi ya wazee wao katika ardhi ile. Mwizi akiiba, nani amhukumu? Mtumwa akimkimbia bwana wake na kuingia mjini, nani aseme na bwana wake? Kwa kukosa mwingine, kazi hiyo ikawaangukia mapadre, nao walikuja kuhubiri Injili, hawakuja kuwa majumbe. Katika miaka ile ile huko Blantyre, misioni ya Waskochi iliyojifanya serikali iliingia katika aibu kubwa kwa hukumu kali ilizozitoa, hata wakubwa wake wakaondolewa kazini mwaka 1881. Hatari hiyo ilikuwa mlangoni mwa kila misioni iliyokusanya watu huru katika mji wake mwenyewe.

Tena wenyeji waliotazama kutoka nje waliona nini? Waliona mji wa Wazungu wenye nguo na vyombo, na watu wake wanasali kwa lugha ya pwani. Wengi waliuheshimu, wengine walikuja kujenga karibu ili wapate salama. Lakini kumheshimu mgeni si kuingia katika njia yake. Katika miaka sita ya kwanza Kanisa lilikuwa Masasi, lakini halijawa bado la watu wa Masasi.

IV. MWAKA 1882

Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja, akazikwa katika kanisa kuu alilolijenga, nyuma ya altare. Na kabla huzuni hiyo haijapoa, mwezi wa Septemba, Magwangwara walishuka juu ya Masasi. Waliowahi kukimbia walipona. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na mji ukachomwa moto.

Fikirini habari hii kwa watu wale. Mwanamke aliyechukuliwa mara ya kwanza akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari, akakombolewa, akabatizwa, akarudi bara akajenga nyumba, sasa anafungwa tena na kupelekwa njia nyingine. Hapana neno la kupunguza uchungu huo, wala sipendi kusikia mhubiri akilisimulia jambo hili kana kwamba lilikuwa mfano tu wa mahubiri. Padre W. C. Porter alisafiri mpaka nchi ya Wangoni kuwatafuta waliochukuliwa. Safari hiyo ilikuwa ya hatari, naye aliifanya. Na jina lake lastahili kukumbukwa Masasi kwa ajili hiyo, ingawa alifanya kazi nyingine nyingi katika miaka mingi aliyokaa nasi.

Sasa lilikuwapo swali: mji ujengwe tena kama ulivyokuwa, au Kanisa lifuate njia nyingine?

V. NEWALA NA CHITANGALI

Mwaka 1883 Padre Maples na watu wengi walihamia Newala, kwa Matola. Huyu alikuwa jumbe wa Kiyao, mtu wa akili na wa amani, na mji wake ulikuwa na watu wa makabila mengi waliokimbilia kwake. Tazameni tofauti. Masasi misioni ilikuwa mwenye mji. Newala misioni ilikuwa mgeni wa mwenye mji. Masasi padre alitakiwa kuhukumu. Newala alihukumu Matola, na padre alifundisha, akauguza, akasali, akangoja. Matola mwenyewe alikaa miaka mingi kuwa rafiki wa Kanisa asiwe Mkristo. Alisikiliza, aliuliza, aliwalinda walimu, na mwisho wa maisha yake akabatizwa. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna aliyechoka kumngoja.

Masasi haikuachwa. Kazi ikaanzishwa tena pale, na watu wakarudi kulima chini ya majabali. Lakini njia mpya ilikuwa imekwisha kuonekana, na Askofu Charles Smythies, aliyewekwa mwaka 1883, akaifuata. Askofu huyu alisafiri kwa miguu katika nchi hizi mara kwa mara, mpaka alipofariki safarini baharini mwaka 1894. Shauri lake lilikuwa kwamba mwalimu na akae katika mji wa jumbe, kwa ruhusa ya jumbe, na kanisa lijengwe kati ya nyumba za wenyeji.

Habari ya Chitangali yalionyesha jambo hili kuliko nyingine zote. Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaletwa Unguja, akalelewa na misioni, akasoma Kiungani, na kisha Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury. Mwaka 1886 akawekwa shemasi, akapelekwa Chitangali, katika nchi ya Nakaam, jumbe wa Kiyao. Mwaka 1890 akawekwa kasisi Unguja: ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika misioni yetu. Akarudi Chitangali kuwaongoza watu wake, mpaka mwaka 1897 alipohamia tena Unguja.

Majaliwa hakuhitaji mkalimani, wala hakuhitaji kueleza kwa nini ameketi barazani na wazee. Alipokwenda matangani alijua pa kukaa, na alipoonya juu ya desturi aliijua desturi yenyewe. Kwa muda wa miaka hiyo Chitangali likawa kanisa la Wayao lenye padre Myao, na Nakaam aliyeshika cheo baadaye alikuwa Mkristo, jina lake Barnaba. Na yote hayo yalitendeka katika mji ambao misioni haikuumiliki hata kidogo.

Basi nani alimtoa Majaliwa utumwani na kumleta Chitangali? Twaweza kusema ni manowari za Waingereza, au walimu wa Kiungani, au maaskofu. Yote ni kweli. Lakini naona yeye alitimiza lile walilolitaka watu wale zaidi ya 50 wa mwaka 1876 walipoomba kukaa Masasi: kurudi bara, na kuwa mtu miongoni mwa watu, si mgeni tena.

VI. WADACHI, MAJIMAJI NA VITA KUU

Wakati huo mipaka mipya ilikuwa ikichorwa. Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana kuwa Ruvuma ni mpaka wao. Ndugu waliokuwa wakivuka mto kwenda arusini au matangani wakaambiwa kuwa wamo katika nchi mbili. Juu ya nchi ya Wamakonde, Machemba, jumbe wa Kiyao, alikataa kuwatii Wadachi, akashindana nao mpaka mwaka 1899, ndipo alipovuka kwenda upande wa Wareno.

Mwaka 1905 ikaja Vita vya Majimaji. Mwezi wa Agosti misioni ya Masasi ikachomwa, na kituo cha Wabenedikto cha Nyangao kikachomwa pia. Mapadre na mabibi wa misioni walikimbilia Lindi. Barnaba Nakaam na watu wake hawakuingia katika vita ile. Juu ya mambo haya wajukuu wa pande zote mbili wapo katika jumuiya zetu, na ni haki kusema kwa uangalifu. Waliopigana walipigana kwa sababu ya kodi na kazi za shuruti na viboko. Si wajinga, wala hawakuwa maadui wa Mungu. Na waliokataa kupigana hawakuwa waoga. Kwa mara ya pili katika miaka 23 kanisa la Masasi lilikuwa majivu, na baada ya vita ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Lakini safari hii halikuwa tena kanisa la mji mmoja. Walikuwapo Wakristo katika miji mingi, na walimu wao. Moto wa Masasi haukuweza kuwafikia wote.

Mwaka 1914 Vita Kuu ikaanza. Mapadre wa Kiingereza wakaondolewa na kuwekwa kizuizini, na kazi yote ikabaki mikononi mwa mapadre Waafrika na walimu. Newala ikawa uwanja wa vita: Wareno waliiteka mwezi wa Oktoba 1916, na mwezi wa Novemba Wadachi wakawafukuza. Mwezi wa Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa Chiwata na jeshi lake. Akapita Chitangali na Newala, akauvuka Ruvuma huko Negomano. Majeshi yaliyomfuata yalikula yaliyobaki shambani, na vijana wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi, wasirudi.

Katika miaka hiyo nani alisaliwisha? Nani alizika, na kubatiza watoto waliokuwa wakifa? Ni mapadre na walimu wa nchi hii. Kanoni Kolumba Msigala, padre wa Masasi, aliacha kumbukumbu za maisha yake kwa maandishi. Wengine hawakuandika kitu. Daftari za ubatizo tu ndizo zinazowashuhudia. Walimu, kama parokia yenu ina daftari za zamani, zitunzeni na mchwa na mvua, maana ndizo historia yenu.

VII. DAYOSISI

Vincent Lucas alifika nchi hii mwaka 1909. Mwaka 1926 nchi ya Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Unguja, naye akawa askofu wake wa kwanza mpaka mwaka 1944. Katika wakati wake shule ziliongezeka, na chuo cha Chidya kikalea walimu wengi. Hospitali za misioni zikawa Mkomaindo na Lulindi, ambako Dk. Leader Stirling, aliyekuja mwaka 1935 na kuwa baadaye Waziri wa Afya wa Tanzania, alifanya kazi kwa miaka mingi.

Lakini jambo analokumbukwa zaidi Askofu Lucas ni jando. Misioni nyingi ziliwakataza Wakristo kuwapeleka watoto jandoni, na wazazi wakawapeleka kwa siri, au wakaliacha Kanisa. Lucas alikaa na mapadre Waafrika na wazee, wakachambua: lipi katika jando ni malezi mema, lipi ni dhambi, lipi ni desturi tu. Wakaweka jando la Kikristo, lenye sala na mafundisho ya dini kambini, chini ya uangalizi wa padre. Kwa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Si wote waliokubali, na mpaka leo watu hushindana juu yake. Walakini jando la Kikristo lisingewezekana katika mji wa Masasi wa mwaka 1877, kwa kuwa mji ule haukuwa na wazee wa nchi wa kushauriana nao. Liliwezekana kwa sababu Kanisa lilikuwa limekaa miaka mingi kwa Matola na kwa Nakaam na kwa wengine kama hao, likaitwa barazani.

Yaliyofuata nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa wazee wengi wanayajua. Baada ya mwaka 1947 Waingereza walianza shamba kubwa la karanga Nachingwea na kujenga reli kutoka Mtwara. Shamba halikufaulu, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Katika miaka ya 1950 maji ya mabomba yalianza kupandishwa juu ya nchi ya Wamakonde, na mabega ya wanawake wa Newala yakapata kupumzika kidogo. Mwaka 1960 akaja Askofu Trevor Huddleston, aliyejulikana dunia nzima kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, akakaa mpaka mwaka 1968. Ndipo Hilary Chisonga akawa askofu. Katika miaka ya vita vya ukombozi vya Msumbiji, tangu 1964 mpaka 1974, wakimbizi waliuvuka Ruvuma wakaja kwetu, nasi tukawapokea kama Matola alivyowapokea wakimbizi wa zamani. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa kati ya Mtambaswala na Negomano, pale pale palipovukwa na jeshi mwaka 1917. Na katika siku zetu Newala imepata kuwa dayosisi, binti aliyejenga nyumba yake karibu na mama.

VIII. TUJIFUNZE NINI

Mtu akienda Mtandi leo ataona kanisa kuu la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartolomayo chini ya jabali, jengo la kupendeza na la kuheshimiwa. Ni haki tulitunze. Lakini historia tuliyoisoma inatuonya tusiweke tumaini letu katika jengo, wala katika eneo la misioni. Tulipokuwa na mji wetu wenyewe, wenye mipaka na hukumu zake, siku moja ilitosha kuuondoa. Tulipokuwa wageni katika miji ya wengine, moto wa mwaka 1905 na vita vya mwaka 1914 havikuweza kutumaliza.

Neno hili lina kazi leo. Ziko parokia zetu ambazo zimeanza kuwa tena miji ya ndani: Wakristo wanajuana wao kwa wao, wanafanya sherehe zao kwa wao, na jirani asiyesali nao hawamjui hata jina. Wako waumini wanaodhani Kanisa ni kiwanja chenye hati na ukuta. Walimu, msikubali parokia iwe hivyo. Nendeni barazani, jueni matanga na arusi za watu, fundisheni lugha ambayo watu wanaomboleza kwayo. Majaliwa alifanya hivyo Chitangali.

Tena jambo la pili. Wakristo wa kwanza wa Masasi hawakuwa wakuu wa nchi. Walikuwa watu waliouzwa. Familia nyingine za kwetu zimetoka kwao, na zamani wengine waliona haya kulitaja jambo hilo, kwa kuogopa kudharauliwa kuwa watoto wa watumwa. Haya hiyo si yao. Haya ni ya walionunua na waliouza, wa pwani na wa bara pia, maana hata majumbe wa nchi hizi waliuza watu. Mwenye babu aliyetoka Mbweni mwaka 1876 na amtaje kwa jina, kanisani na nyumbani, na padre amwombee katika siku ya wafu pamoja na maaskofu.

Na jambo la tatu ni la Masasi na Newala. Ninyi ni dayosisi mbili, na kila moja ina haki ya kufurahia yake. Lakini mwaka 1883 watu waliofukuzwa Masasi walipokewa Newala, na tangu siku hiyo deni hilo halijalipwa, wala si lazima lilipwe. Ndugu hawalipani deni la namna hiyo. Yatosha likumbukwe, na wa Newala akija Masasi, au wa Masasi akipanda Newala, asiulizwe ametoka kwa askofu gani kabla ya kupewa maji ya kunywa.

Mwenyezi Mungu, aliyewarudisha watu wake kwa njia ya taabu, azibariki jumuiya zetu zote za juu na za bondeni, na za ng'ambo ya Ruvuma, na kuwapumzisha kwa amani wale waliolala Masasi, Newala na Chitangali wakitazamia ufufuo. Amina.